Eti "mtafute ndugu yake ndo apige"! Hii namba ya dharura inasimamiwa na nani?

Mwana Tabata (mwanzisha uzi)

Wakuu, nikikosea herufi mnivumilie, mikono bado inatetemeka. Nimetoka hospitali sasa hivi, shati lina damu ya mtu na sijala tangu mchana. Lazima niseme leo leo, nikilala nalo litanipasua kifua.

Wale jamaa wa ile namba ya dharura mnawajua. Siwataji, hata mtoto wa chekechea anawajua.

Ni hivi. Barabara ya Mandela, upande wa Tabata, baada ya swala ya isha. Kuna mzee anauza kahawa pale, wote tunamwita Mzee Kahawa, jina lake halisi nani analijua? Gari dogo limekuja mbio, likampitia, likaenda zake bila hata kupunguza mwendo. Birika limerushwa mpaka kwenye mtaro. Jiko limefunguka, makaa yamesambaa kwenye lami bado mekundu, na vile vikombe vidogo vimebaki vipande. Mzee kalala katikati ya hayo makaa na mguu umegeukia usikotakiwa kugeukia. Vijana wakaanza kusukuma makaa kwa ndala yasimuunguze. Mimi nikatoa simu.

Inaita, inaita, inakata. Napiga tena, inaita mpaka nikaanza kuzijua sauti zake. Kaja kupokea mtu, nyuma yake televisheni ina mpira, nasikia kabisa mtangazaji anapiga kelele za kona. Neno lake la kwanza: "Haloo, nani mwenzangu?"

Nani mwenzangu! Kwenye namba ya dharura!

Nikasema mtu kagongwa, yuko Tabata, barabara ya Mandela. "Tabata ipi, Tabata kubwa hiyo." Nikaeleza. "Karibu na nini?" Nikaeleza. "Majina kamili ya majeruhi?" Nikamwambia simjui jina, ni muuza kahawa. Hapo ndipo sauti ikabadilika kama nimekwenda kumkopa hela. "Kwani wewe ni nani yake?" Nikasema mimi mteja wake tu. Akasema, nanukuu neno kwa neno mpaka naingia kaburini: "Basi mtafute ndugu yake ndo apige." Akakata.

MTAFUTE NDUGU YAKE NDO APIGE.

Wakuu, nilitakiwa nifanye nini? Nipande basi usiku ule niulizie ukoo wa muuza kahawa kijiji kwa kijiji? Tuitishe kikao, tuchague mwenyekiti, katibu na mweka hazina, halafu mjomba mkubwa ndo akabidhiwe simu apige kwa niaba ya ukoo? Na mzee analala kwenye makaa akisubiri muhtasari wa kikao?

Kilichoniuma zaidi ni kwamba laini yangu imesajiliwa kwa dole gumba. Tulipanga foleni juani mpaka Januari 2020 tukiambiwa usiposajili unazimiwa. Namba yangu ya NIDA wanayo. Mlangoni kwangu kuna kibao cha anwani ya makazi kilichowekwa kabla ya sensa ya 2022. Nikidaiwa najulikana mpaka chumba ninacholala. Nikipiga kuomba mtu aokolewe naulizwa nani mwenzangu, halafu naambiwa nitafute ndugu!

Tumempakia kwenye bajaji. Miguu nje, kichwa mapajani mwangu. Dereva katuchaji elfu kumi na tano. Mzee yuko hai, amefungwa mguu, kaniuliza birika lake liko wapi.

Nani anawasimamia hawa watu? Nataka kujua leo.

---

Kisiki Kikavu

Pole mkuu. Ila wewe nawe, unapiga simu unaanza hadithi ya kahawa na vikombe. Ungesema "ajali, majeruhi, Mandela" ukakata.

Mwana Tabata

Kisiki usinitie hasira. Nilisema hivyo hivyo. Yeye ndo aliyetaka majina matatu ya mzee kama anamwandikisha daftari la wapiga kura. Na aliyekata ni yeye. "Mtafute ndugu yake ndo apige", tit tit tit. Ungekuwa wewe umelala pale ungetaka niseme nini?

Shangazi wa Buza

Jamani mwanangu pole sana, na Mungu akulipe kwa kumpeleka mzee wa watu. Mimi ilinitokea usiku jirani kaanguka bafuni. Simu inaita tu. Mwisho tukampigia dereva wa noah wa hapa mtaani, ndo gari letu la wagonjwa hilo, na la maiti, na la harusi.

Pweza wa Feri

"Nani mwenzangu" hahahaha. Nimecheka mpaka kondakta kanigeukia.

Mwana Tabata

Cheka Pweza. Siku ukivunjika tutamtafuta ndugu yako kwanza.

Msomi wa Kimara

Mleta uzi kauliza swali la maana, nijibu. Namba zenyewe zinapangwa na TCRA, mdhibiti wa mawasiliano, ni kazi yake chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010. Ndiyo maana zote zinaanzia na 11: 112 polisi, 114 zimamoto, 115 gari la wagonjwa, 116 ya watoto. Lakini mpangaji wa namba hapokei simu. Polisi na zimamoto wako Wizara ya Mambo ya Ndani. Magari ya wagonjwa ya vituo vya afya yako kwenye halmashauri, maana yake TAMISEMI. Hospitali kubwa ziko Wizara ya Afya. Ukihesabu na ya mawasiliano, ukipiga simu moja umepita kwenye wizara nne. Ukilalamika kila mmoja anakuonesha mlango wa mwenzake, na hakuna anayedanganya.

Tena zimamoto yenyewe ilikuwa ya halmashauri, ikaja kuunganishwa kuwa jeshi moja kwa sheria ya 2007. Kwa hiyo kuunganisha kunawezekana wakitaka.

Mwana Tabata

Ahsante Msomi. Sasa sikia hili. Tangu 2013 kuna mtambo wa TTMS wa kuhakiki simu zinazopigwa nchi hii, ili kampuni zisifiche mapato. Mdhibiti anapima ubora wa mitandao na kampuni zimewahi kupigwa faini simu zikikatika katika. Kila robo mwaka tunapewa takwimu za laini, sasa ni zaidi ya milioni 80. Dakika yenye hela inahesabiwa. Hii simu yangu isiyo na hela, iliyoita mpaka ikakata, iko kwenye ripoti gani? Nani ameandika kwamba saa fulani usiku mtu wa Tabata aliomba msaada akaambiwa amtafute ndugu?

Muda wa kupokea upimwe na sauti zirekodiwe. Kila mwezi watangaziwe wananchi, na mwenye namba yake awajibishwe kama zinavyowajibishwa kampuni. Basi. Siombi helikopta.

Mbongo wa Minnesota

Huku Marekani namba ya dharura ni 911, nayo ni ya wenyeji, kaunti au mji ndo wanapokea simu, ila jimbo lina jicho lake juu yao na kila bili ya simu ina makato kidogo ya kuiendesha. Simu ya kwanza ya 911 ilipigwa mji mdogo wa Haleyville, Alabama, Februari 1968. Chama cha watu wa namba hiyo, NENA, kimeweka kipimo: asilimia 90 ya simu zipokelewe ndani ya sekunde 15. Kituo kikizembea kuna kipimo cha kukisutia.

Kisiki Kikavu

Mbongo wa Minnesota hakosi kwenye uzi wowote. Juzi kwenye uzi wa ubwabwa alituambia huko mchele unapimwaje.

Mbongo wa Minnesota

Sijasema huku peponi, Kisiki. Hayo makato yenyewe kuna majimbo yameyachota yakafanyia mambo mengine, New York na New Jersey zimetajwa kwa hilo. FCC, mdhibiti wa mawasiliano wa huku, inalazimika kupeleka ripoti bungeni kila mwaka ikiwataja wachotaji kwa majina. Ninachosema ni kwamba kuna anayehesabu.

Mlipa Tozo

Usituletee habari za makato kwenye bili ya simu! Tumesahau 2021? Miamala ilikatwa tozo mpaka watu wakarudi kuweka hela kwenye godoro. Mkianza kuwapa mawazo wataanzisha "tozo ya dharura" na simu bado itaita tu.

Shangazi wa Buza

Mlipa Tozo umenikumbusha machungu. Nilituma elfu hamsini kwa mama, nikahisi nimetuma kwa watu wawili.

Niliwahi Kukaa Hapo

Nitasema mtanitukana, hewala. Nimewahi kupokea simu kwenye kituo cha aina hiyo, sitasema kipi. Kwenye simu kumi za usiku, tisa ni upuuzi. Mtoto anachezea simu ya baba yake. Mlevi anaomba umtumie vocha. Dada anataka uongee na mume wake. Kuna mmoja alikuwa anapiga kila usiku anatukana tu, halafu anacheka. Ndiyo maana mtu anajikuta anauliza "wewe ni nani yake", anapima kama ni kweli. Gari lenyewe likitoka bure, kesho unaandika maelezo.

Mwana Tabata

Ndugu yangu nakuelewa kuhusu walevi, na wanaopiga kutukana wakamatwe, laini si zimesajiliwa kwa vidole? Lakini mimi sikutukana wala sikuomba vocha. Mzee alikuwa analia nyuma yangu, alimsikia. Kupima ukweli ni kuuliza anapumua, damu inatoka wapi. Kumtafuta ndugu ni kupima nini?

Muuguzi Zamu ya Usiku

Mleta uzi ana haki hapa. Anayepokea simu anatakiwa aulize mambo machache: mahali, ana fahamu, anapumua, anatoka damu. Akupe na la kufanya ukisubiri. Na kwa faida ya wote: mgonjwa wa namna hiyo msimkunje kwenye bajaji kama mnaweza kupata gari la kumlaza, mguu ufungwe na kipande cha ubao usicheze. Najua mlikosa, sikulaumu.

Inawezekana kufanya vizuri. Angalieni mfumo wa m-mama wa wajawazito na watoto wachanga, unatumia 115. Walianza kanda ya ziwa, Sengerema na Shinyanga. Gari la wagonjwa likikosekana wanaitwa madereva wa kawaida walioandikishwa, wanalipwa kwa simu. Mama hatafutiwi ndugu.

Pweza wa Feri

Mjomba wangu kagongwa mwaka jana, kufika hospitali wakataka PF3, fomu ya polisi, kwanza. Tukaenda kituoni kuitafuta fomu na mjomba anavuja damu kwenye benchi.

Muuguzi Zamu ya Usiku

Majeruhi anatibiwa kwanza, PF3 inafuata. Aliyewarudisha alikosea.

Pweza wa Feri

Alikosea na mjomba ana kovu.

Mzee wa Kituo

Hakuna aliyeona hili la elfu kumi na tano? Tabata mpaka hospitali elfu kumi na tano, na mtu amevunjika mguu! Huyo dereva wa bajaji ndo wa kuanzishiwa uzi.

Shangazi wa Buza

Kweli kabisa! Roho gani hiyo. Mwenzako anakufa we unapiga hesabu.

Bajaji Namba Tano

Mimi ni dereva wa bajaji, siyo huyo, ila niwaambie. Ukimbeba majeruhi, damu inaingia kwenye sponji, kuosha ni nusu siku kijiweni huingizi kitu. Ukifika hospitali askari anakuuliza wewe ndo uliyegonga? Unashikiliwa. Nina mwenzangu bajaji yake ililala kituoni kwa kosa la kusaidia. Elfu kumi na tano usiku, kwa hatari hiyo, mimi naona kawaida.

Mwana Tabata

Dereva simlaumu, alipasua foleni kama anabeba baba yake. Jamani turudi kwenye simu. Aliyesema "mtafute ndugu yake" yuko zamu hata sasa hivi ninavyoandika. Anapokea. Au hapokei.

Mzee wa Kituo

Elfu nane ingetosha.

Bajaji Namba Tano

Elfu nane unaijua bei ya petroli, mzee? Na bado mjini tunafukuzwa, maegesho tunalipishwa, kila mwenye kofia anataka chake.

Kisiki Kikavu

Nyie bajaji mnapita kushoto, kulia, juu ya mtaro, halafu mnalia.

Bajaji Namba Tano

Tunapita huko kwa sababu daladala zimesimama katikati ya barabara zinapakia.

Kondakta Mstaafu

Hapo umeingia kwangu. Daladala inasimama pale abiria alipo. Abiria wa Dar hataki kutembea hatua kumi mpaka kituoni, anakunja mkono popote.

Mlipa Tozo

Namba Tano, hiyo bajaji yako ni ya hesabu au ya mkataba?

Bajaji Namba Tano

Mkataba. Nakaribia kumaliza, iwe yangu.

Mlipa Tozo

Bosi wako ana nyingine? Nina mdogo wangu ana leseni yuko tu nyumbani.

Bajaji Namba Tano

Anazo. Mwambie aje kijiweni asubuhi na barua ya serikali ya mtaa na wadhamini wawili.