MJADALA: DNA zilizohifadhiwa zitumike kutafuta chanzo cha ugumba wa wanaume?

Mdadisi: Wakuu, wanandoa wakikosa mtoto, karibu nusu ya visa mwanamume anahusika. Akipimwa, mara nyingi anaambiwa sababu haijulikani. Sasa watafiti wanachambua kanzidata za jeni, kama UK Biobank ya Uingereza yenye watu laki 5. Ni sawa, au tunajivua nguo hadharani?

Mzee wa Maabara: Sawa kabisa. Kwenye kromosomu Y, ile baba anayompa mtoto wa kiume, kuna eneo la AZF; kipande kikinyofoka pale, mbegu zinapungua au hazitoki kabisa. Jeni ya TEX11 kwenye X nayo ni hivyo hivyo. Ukimtazama mtu mmoja huwezi kujua kama hitilafu uliyoiona ndiyo mchawi. Lazima ulinganishe na maelfu.

Jogoo la Shamba: Mabilioni yote hayo kwa ajili ya mahanithi? Saratani imekwisha?

Baba Bila Jina: Hanithi ni nani hapa? Mimi mgumba, mwaka wa saba huu. Jogoo wangu anawika kukushinda wewe. Shida ni mbegu.

Jogoo la Shamba: Sijakutaja ndugu. Ukijishtukia, shauri yako.

Bi Shani: Afadhali ninyi mnagombania majina mawili. Mimi nimeitwa tasa miaka tisa na mama mkwe, na hakuna aliyemwambia mwanawe akapime. Alipopima, sifuri.

Kaka Mkimya: Pole dada. Ndiyo maana wanaume hawapimi, wanaogopa midomo kama ya Jogoo.

Jogoo la Shamba: Kila kitu Jogoo! Na DNA zikivuja? 23andMe, kampuni ya kupima DNA, ilidukuliwa 2023, taarifa za karibu watu milioni 7, kisha 2025 ikaomba kufilisika. Hilo hamlijibu.

Mzee wa Maabara: Ile ni kampuni ya biashara, usichanganye. Kasoro ya UK Biobank ni nyingine: walichukua damu na mkojo, mbegu hawakupima. Wanaume waliulizwa wamezaa watoto wangapi. Aliyejibu "hakuna" huenda ni mgumba, huenda ni padri. Tena wengi wao asili yao ni Ulaya. Hitilafu inayoonekana adimu kwao huenda kwingine ni kitu cha kawaida, halafu mtu anapewa jibu la uongo.

Baba Bila Jina: Mimi nina jibu langu: AZFc, sehemu ya lile eneo la AZF, imenyofoka. Daktari alisema mbegu chache zinaweza kutolewa kwenye korodani, lakini nikipata mtoto wa kiume atarithi tatizo hili hili. DNA yangu wachukue hata leo. Jina langu libaki mlangoni.

Bi Shani: Na mkeo amekubali?

Baba Bila Jina: Anataka wa kike.

Jogoo la Shamba: Haya, "mahanithi" nimefuta. Saratani bado inatangulia.

Kaka Mkimya: Mzee naye afute "padri". Mjomba wangu ni padri.