Jenereta ya kVA 60 kwa mashine ya kusaga: shanti, koili saidizi au sumaku ya kudumu?

Msagaji_Kilombero: Wakuu, habari za jioni. Nina mota ya kilowati 22 kwenye mashine ya kusaga mahindi, inawashwa moja kwa moja. Jenereta ni kVA 60, aina ya shanti. Nikibonyeza swichi mota inanguruma, taa zinafifia, kisha umeme unakufa kabisa na injini bado inazunguka. Tena ikikaa mwezi bila kuwashwa haitoi umeme mpaka fundi aje kuiamsha kwa betri. Muuzaji mmoja ananiambia nichukue ya sumaku ya kudumu, mwingine anasema koili saidizi inatosha. Wateja wanapanga foleni na ndoo zao, naombeni ushauri.

Fundi_AVR: Pole sana kaka. Zote tatu hazina brashi: eksaita, kijenereta cha kuamsha sumaku, iko kwenye shafti ileile, dayodi zinazozunguka nayo zinaugeuza umeme wake kuwa DC kama wa betri, unaingia kwenye rota, sumaku kuu inayozunguka. Tofauti ni AVR, yaani kidhibiti cha volti kinacholisha eksaita, inakula wapi. Kwenye shanti inakula kwenye koili kuu zilezile zinazolisha mota. Mota ikivuta, volti zinashuka, na AVR inakosa chakula wakati uleule inapotakiwa kuongeza nguvu ya sumaku. Ya sumaku ya kudumu ina kijenereta kidogo nyuma ya shafti, kazi yake kuilisha AVR tu. Koili kuu zielemewe zisielemewe, AVR imeshiba. Nyingi zinahimili mara tatu ya ampea zake kwa sekunde 10 hivi. Na habari ya betri inaisha. Mimi ningechukua hiyo.

DadaMota: Fundi, kwa heshima, asikimbilie dukani. Tupige hesabu. kVA 60 kwa volti 400 ni ampea 87. Mota yake ikiwa kazini inakula kama 41, lakini ikiwashwa moja kwa moja inavuta mara sita, karibu 250. Hata ya sumaku ya kudumu itafika ukingoni kila asubuhi, na kinu cha nyundo ni kizito, kinachelewa kushika kasi. Sta-delta, yaani swichi inayoanzisha mota kwa muungano wa nyota kisha kuihamishia delta, inazishusha hadi theluthi, ampea 80 na kitu. Nguvu ya kuzungusha nayo inabaki theluthi, kwa hiyo washa kinu kikiwa kitupu, mahindi yaingie baadaye. Angalia tu bamba la mota: delta iwe volti 400, na ncha za waya ziwe sita.

Mzee_wa_Kisima: Mimi nina ya koili saidizi kwenye pampu. Ndani kuna koili mbili ndogo za ziada: moja inafuata volti, nyingine inafuata mzigo, ampea zikipanda inaongeza chakula cha AVR. Kuwasha mota inakaribia kabisa ile ya sumaku. Ubaya niliuona ilipoungua. Aliyeisuka upya aliziacha zile koili ndogo, nikalipia kazi nzima mara mbili. Ukiichukua, hakikisha jirani kuna fundi anayeijua.

Mtambo_wa_Maji: Kabla ya kulaumu shanti, tazama mita ya hezi, zinazofuata spidi ya injini, mota inapowashwa. Hezi zikiporomoka kwanza, tatizo ni injini au dizeli, maana AVR hushusha volti kwa makusudi spidi ikipungua. Ikiwa hivyo, sumaku ya kudumu haitakusaidia.

Msagaji_Kilombero: Nimepima leo, Mtambo. Hezi zilitoka 51 zikafika 48 tu, lakini volti zilianguka 400 hadi 240, kisha sifuri. Bamba linasema delta 400, ncha sita zipo. Jioni hii tumefunga sta-delta, kinu kimeanza kikiwa kitupu, taa zimefifia kidogo zikarudi. Dada, Mungu akubariki. Imebaki shida ya betri.

Fundi_AVR: Safi, dada amenishinda kwa hesabu, baki na shanti yako. Iwashe nusu saa kila wiki. Ikigoma, zima injini, chomoa waya za X na XX (zinazokwenda eksaita) kwenye AVR, ziweke mbali na mkono, kisha washa bila mzigo wowote. Chanya ya betri ya volti 12 iguse waya wa X uliochomolewa, hasi iguse waya wa XX, sekunde moja tu, huku mwenzako akitazama volti. Zima, rudisha waya, washa tena. Ukifanya mara mbili na bado haitoi, acha betri, tupime dayodi za rota.