IST namba D: nifunge gesi, niuze nichukue Aqua, au niiache ilivyo? (Dodoma)

Mzabibu_Mkavu

Wakuu wa magari, mbukwenyi.

Naishi Nkuhungu, kazi iko Mtumba. Ukijumlisha kwenda, kurudi na kumpitia mtoto shule, ni kama kilomita 45 kwa siku. Gari ni IST ya 2004, ile ya injini ya 1NZ, namba D (herufi ya kwanza ya usajili). Niliinunua kwa mwalimu aliyekuwa anahamia Singida, mtu wa kuandika kila oili aliyomwaga kwenye daftari la mistari, na daftari alinipa pamoja na kadi ya gari. Injini haijawahi kufunguliwa. Naipenda, niseme ukweli, hata kama vijana wa ofisini wanaiita baby walker.

Shida ni wese. Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wadhibiti wa nishati, wakitoa bei kikomo, mimi nautafuta mstari wa Dodoma kabla sijanywa chai, na unakuwa juu ya ule wa Dar maana mafuta yetu yanasafiri kwanza kutoka bandarini. Sasa shemeji yangu wa Tabata kafunga gesi asilia (CNG) kwenye Premio. Kila akipiga simu, salamu ni sekunde tatu, kinachofuata ni "kilo 1,550 shem, kilo 1,550". Hapa ofisini nako kuna dada ana Aqua, ile hybrid ya petroli na betri, anapita sheli zote za barabara ya Dar utadhani zimefungwa.

Mfuko wangu: nikiuza IST napata milioni 10, nikibanwa sana 9. Naweza kuongeza 8, si zaidi, na mke wangu asisome hapa. Dar naenda mara moja moja kwa mambo ya familia. Nipeni mawazo, ila yule wa kuniambia "nunua Crown" apite tu kimyakimya.

Dizeli_Tupu

Crown siyo, lakini CX-5 dizeli ya 2.2 je? Hiyo ndiyo gari ya kati ya nchi. Unatoka Dodoma, unapandisha Gairo unasikia inakuvuta mgongo, unafika Dar geji haijakutisha. Hizo Aqua ni vifaa vya umeme vyenye matairi. Gesi ndiyo kabisa, unabeba bomu kwenye buti halafu unaweka mikeka ya watoto juu yake.

FundiKizota

Dizeli_Tupu, mkuu, safari zako ni za Dar na Mwanza, wewe CX-5 inakufaa. Huyu anaendesha kilomita ishirini na kitu, anazima, jioni anarudi. Ile dizeli ina chujio la masizi kwenye egzosi, na chujio hilo linajisafisha likipata moto wa safari ndefu. Ukiipa safari fupi kila siku masizi yanajaa, taa inawaka, siku nyingine gari inagoma kuchanganya. Zinaletwa kwangu, nazifahamu. Na milioni 18 haikupi CX-5 dizeli ya kulala nayo usingizi.

Suala la bomu nalijibu hivi. Mtungi wa CNG unajazwa kwa presha ya bar 200, kwa hiyo ni chuma kizito kilichopimwa kwa kazi hiyo, una valvu za usalama na umegongwa tarehe shingoni. Na gesi yenyewe ni methani, nyepesi kuliko hewa, ikivuja mahali pa wazi inapanda juu na kupotea. Gesi ya kupikia ni kitu kingine kabisa: ni nzito, ikivuja inalala sakafuni inasubiri cheche. Presha yake ni ndogo, ya bar chache tu, ndiyo maana mtungi wake ni mwembamba. Nasema hivi kwa sababu kuna watu wanataka kubana gharama kwa kuunga mitungi ya jikoni kwenye magari. Aliyekuja kwangu na wazo hilo nilimwomba asogeze gari nje ya geti kwanza ndipo tuongee.

Sasa Mzabibu. IST inafungika vizuri, 1NZ haina usumbufu. Unawekewa kipunguza presha, nozeli za gesi, kompyuta yake ndogo na swichi pembeni ya usukani. Gari inawaka kwa petroli, injini ikipata joto inahamia gesi yenyewe, gesi ikiisha inarudi petroli hujui hata. Nguvu inapungua kama sehemu moja ya kumi, kwa tambarare ya Mtumba huisikii, mlima wa Gairo utausikia. Gharama inaanzia milioni moja na nusu hadi mbili na ushee, kutegemea mtungi.

Lakini swali lako la kwanza ungeuliza hivi: nitajaza wapi? Gesi ya Songo Songo na Mtwara inafika Dar kwa bomba, na vituo vya kujazia karibu vyote viko Dar na Pwani. Huku kwetu bomba halijafika. Gesi ya kutufikia lazima igandamizwe kwenye kituo mama, ipakiwe kwenye matrela ya mitungi, ipande na barabara kilomita 450. TPDC, shirika la mafuta la taifa, wameshaitaja Dodoma kwenye mipango ya vituo vinavyohamishika, na mimi naisubiri kama fundi mwenye njaa. Ila gari halitembei kwa mpango. Mtungi wa lita 60 unabeba kama kilo 10, na kilo moja inafanya kazi ya lita moja na nusu ya petroli. Ukijaza Dar, gesi inakuaga Morogoro. Kuanzia Dumila mpaka nyumbani, na mwezi mzima unaofuata, unatembeza chuma chenye uzito wa mtu mzima kwenye buti ambalo la IST lenyewe ni la begi mbili. Petroli ileile, mzigo umeongezeka.

Ushauri wangu: funga siku utakayoona bajaji za Dodoma zimepanga foleni ya gesi. Wale wanahesabu kila mia, wakihamia ujue gesi ipo na haikatiki.

Dada_wa_Ilazo

Mimi ndiye mwenye Aqua, ingawa siyo yule wa ofisini kwako, au pengine ndiye, hahaha.

Kaka, Aqua ni nzuri lakini usidanganywe na takwimu za Japani za zaidi ya kilomita 30 kwa lita. Huku na kiyoyozi cha mchana wa Oktoba napata 21 hadi 23. Ubora wake unauona kwenye foleni na simama-nenda, na Dodoma foleni iko wapi? Labda saa moja asubuhi pale Nanenane. Ukishika barabara ya Dar kwa 80, injini ndiyo inayokupeleka, betri inasindikiza tu.

Jambo wasiloambiwa wanunuzi wa huku: betri kubwa iko chini ya siti ya nyuma, na inapozwa na feni inayovuta hewa ya ndani ya gari kupitia tundu la pembeni ya siti. Hewa ya Dodoma ni vumbi lenye oksijeni kidogo. Tundu likiziba betri inachemka, ikichemka seli zinaanza kufa moja moja. Mimi fundi ananisafishia ile feni kila nikimwaga oili, na watoto wamekatazwa kuweka sweta pale. Ukienda yadi, ingiza tochi ya simu kwenye tundu hilo kabla hata hujafungua boneti. Ukikuta manyoya na mchanga, rudisha ufunguo.

Na iko chini. Barabara za mitaa ya Nkuhungu mvua ikinyesha mimi sizijui, wewe unazijua.

Wakala_Bandari

Naongeza la kodi tu kwa sababu naona milioni 18 inatajwa kirahisi. Ukiagiza mwenyewe, gari ya cc 1000 hadi 2000 inalipa ushuru wa forodha asilimia 25, juu yake ushuru wa bidhaa asilimia 5, halafu VAT asilimia 18 juu ya vyote. Ikifikisha miaka 8 unaongezewa ushuru wa uchakavu asilimia 15, ikizidi 10 unakuwa 30. Zinapandiana. Kwa hesabu ya haraka, gari changa kodi inazidi kidogo nusu ya bei ya gari na meli. Iliyovuka miaka 10, kodi inakaribia kuwa bei nzima ya pili. Na TRA wana thamani yao kwenye mfumo, risiti yako ya Japani haiwashtui.

Kwa hiyo Aqua ya 2012 inayoonekana rahisi mtandaoni siyo rahisi ikifika. Yenye afadhali ni changa zaidi, na changa zaidi haiko kwenye milioni 18 ukishaiweka namba E. Ile utakayopata yadi kwa bei hiyo ni ya wale wa kwanza, na betri yake nayo ina umri uleule wa gari.

Mzabibu_Mkavu

Nashukuru sana wakuu. Dada wa Ilazo, kama ni wewe, kesho chai juu yangu.

Jana usiku nimekaa na kalamu. Kilomita 1,000 kwa mwezi, IST inanipa 13 kwa lita, hiyo ni lita 77. Nikikadiria lita kwa 2,900, ni kama 223,000. Aqua kwa 22 kwa lita ni 132,000. Naokoa 91,000 kwa mwezi, lakini nimetoa milioni 8 juu. Hiyo itarudi baada ya miaka saba na kitu, bila kugusa betri. Nitakuwa naokoa pesa na mtoto yuko sekondari.

Gesi kwa bei ya shemeji: kilo 51, kama 79,000. Hapo naokoa 144,000, milioni mbili inarudi kwa mwaka na kama miezi miwili. Ndiyo maana anapiga simu! Hesabu yake ni ya kweli, ila ni ya Tabata. Huku kilo itakuja na nauli yake ya lori. Na 2024 tulisikia bungeni pendekezo la tozo ya shilingi 382 kwa kilo ya gesi ya magari. Kelele zilikuwa nyingi, lakini wazo likishatajwa mle ndani mimi naliwekea akiba.

Swali moja: kuna jamaa kaniambia nikope nichukue Starlet mpya kabisa, ya kuondoa plastiki kwenye siti. Vipi hiyo?

Dizeli_Tupu

Starlet ya leo inatengenezwa India na Suzuki, ni Baleno iliyobadilishwa nembo. Siyo gari mbaya, nimeiendesha, ni nyepesi na vipuri vya Suzuki vipo. Lakini kukopa gari jipya ili uokoe petroli ya laki mbili kwa mwezi, riba ya benki peke yake inakunywa kuliko V8.

Halafu hizo safari zako za Dar mbona unazihesabia gari? Treni ya SGR ipo tangu 2024, daraja la kawaida 31,000, unakula karanga unafika. Gari ukiwa peke yako huwezi kuishinda nauli hiyo, na kuna tochi za kila kijijini kutoka Kibaigwa mpaka Chalinze. Mimi wa dizeli nasema hivyo, ujue hali ni mbaya.

Mzabibu_Mkavu

Tukiwa familia nzima hesabu inageuka mkuu, tuko watano. Ila safari za peke yangu umenimaliza.

Basi IST inabaki. Ile milioni 8 naiacha ilipo, sitaji ni wapi. FundiKizota, kama gesi itafika siku moja, kuna kitu cha kuiandaa gari kuanzia sasa? Na 13 kwa lita kwa IST ni sawa au inanila?

FundiKizota

13 ni ya chini kidogo kwa safari yako isiyo na foleni. Ningetegemea 14, hata 15 ukiwa mpole. Naanzia kwenye kichujio cha hewa. Kile cha karatasi kwa vumbi letu hakifikishi kilomita zilizoandikwa kwenye boksi, na kukipuliza kwa kompresa kila wiki kunakitoboa, kinapitisha mchanga unaokwangua silinda. Badilisha. Halafu sensa ya oksijeni: kwa umri wa gari yako, kama ni ileile ya kiwandani imeshachoka, inaiambia injini imwage mafuta zaidi hata taa isiwake. Pima breki za nyuma zisiwe zinabana, na upepo wa matairi, maana naona wengi wanakuja na 25 wanalalamikia injini.

Maandalizi ya gesi ni valvu. Gesi haina unyevu wa petroli, inapiga viti vya valvu kwa ukavu na kwa moto zaidi, nafasi ya valvu inapungua taratibu bila kelele. 1NZ haijirekebishi yenyewe kwa hilo, lazima ipimwe. Ukifunga gesi kwenye injini ambayo nafasi imeshabana, utakuja kuilaumu gesi. Plagi nazo zitataka mwanya mdogo zaidi, hiyo ni kazi ya dakika chache. Angalia kwenye daftari la mwalimu kama kuna mahali ameandika valvu ziliwahi kupimwa.

Mzabibu_Mkavu

Nimelipitia lote. Kaandika oili, plagi, beringi ya tairi la kulia mbele, hadi balbu ya namba. Valvu hakuna.

FundiKizota

Basi nipigie simu Ijumaa, Jumamosi tunaifanya. Iache gari kwangu usiku wa Ijumaa, maana kipimo cha valvu kinachukuliwa injini ikiwa imelala baridi. Ukiniletea asubuhi ikiwa imetoka Nkuhungu ya moto, tutakaa hadi saa sita tunaiangalia. Kichujio nunua mwenyewe, nitakutumia picha ya kile halisi. Na hicho cha zamani usikitupe, nakitaka nikuoneshe ulichokuwa unakivuta.