Naomba ushauri: mama halali mvua ikinyesha

Habari wakuu, shikamooni wakubwa. Mama yangu ana miaka 61, anaishi Katesh, mkoani Manyara. Tangu tope liporomoke kutoka Mlima Hanang, Desemba 3, 2023, mvua ikianza usiku anakaa kitandani amevaa viatu, mfuko wa vitambulisho mapajani, mpaka kunakucha. Moyo unamwenda mbio, chakula hakipiti. Nyumba yetu ilipona, ila alizika majirani wa miaka mingi. Na mvua za siku hizi zikija, zinakuja kwa fujo.

Tumempeleka kituo cha afya mara mbili. Wakapima presha na malaria, hakuna kitu, wakampa vidonge vya usingizi. Anavikataa, anasema akilala fofofo hatasikia mlima ukishuka. Kwa kweli simlaumu. Ndugu wanadai ni mashetani. Mafuriko yakipita watu huulizia kipindupindu na malaria, akili hakuna anayeiulizia, na hilo linaniumiza sana.

Kwa Manyara, ushauri nasaha naanzia hospitali ya wilaya au ya mkoa? Na usiku mvua ikinyesha nimwambie nini, au nikae naye kimya tu?