Mwandishi mgeni anakuja idarani kwetu wiki mbili, tumpangie nini?

Mhadhiri Msaidizi
Wakubwa shikamooni, wengine habari za kazi. Nafundisha fasihi katika idara ya Kiingereza ya chuo kimoja hapa nchini. Mwezi ujao tunampokea mwandishi wa riwaya kutoka nje, na ratiba nimekabidhiwa mimi.

Kinachoninyima usingizi ni ya mwaka jana. Mgeni aliletwa ukumbini, wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakakusanywa kujaza viti, zikasomwa hotuba tatu za kumkaribisha, yeye akabakiziwa dakika ishirini. Kitabu chake hakuna aliyekuwa amekisoma, maktaba haikuwa na hata nakala moja. Wakati anatoka, binti mmoja wa mwaka wa pili alikuwa amesimama mlangoni, kaunta buku ya hadithi zake ameikumbatia kifuani. Mgeni akapitishwa mbio kwenda kula na wakubwa. Binti akairudisha kaunta buku mkobani, akaenda zake. Nilikuwa hatua tatu tu kutoka pale na sikufungua mdomo. Nisaidieni nisirudie.

Mkazi wa Wandegeya
Ndugu yangu, Juni 1962 waandishi wa Afrika walikutana hapa chuoni Makerere, Kampala: Achebe, Soyinka na Okigbo wa Nigeria, hata Langston Hughes kutoka Marekani. Kulikuwa na mwanafunzi wa chuo akiitwa James Ngugi, ndiye Ngũgĩ wa Thiong'o. Alimpa Achebe muswada wake ausome. Mwaka 1964 ukatoka kitabu, wachapishaji Heinemann wakauchapa. Kwangu mimi, hilo ndilo tunda kubwa la mkutano ule. Ukumbi uwe mara moja tu. Siku zilizobaki tenga saa mbili, waingie wanne wanne, kila mtu na kurasa zake mkononi.

Bibi wa Tanga
Mwanangu, mkutano huo ulikuwa wa wanaoandika kwa Kiingereza. Shaaban Robert, pamoja na mashairi na riwaya zake zote, hakuwa na nafasi pale, na mwezi huohuo akafariki. Mimi mtu wa Tanga jambo hilo linaniuma mpaka leo. Waite wenzenu wa Kiswahili tangu sasa, msisubiri siku ya picha. Wape wanafunzi kurasa mbili za riwaya ya mgeni wazitafsiri, kisha waketi naye wazibishanie neno kwa neno. Hapo atalazimika kueleza alikusudia nini, na wao watajua kama wameelewa. Gurnah, mtoto wa Unguja, riwaya yake ya 1994 tumeipata kwa Kiswahili 2022, inaitwa Peponi. Miaka 28! Na hiyo ni baada ya Nobel ya 2021.

Mhasibu Mstaafu
Omba masurufu, yaani fedha za matumizi, leo, usingoje kesho. Na nakala za vitabu ziandikwe juu ya chakula kwenye bajeti, maana fedha ikipungua hukatwa cha chini.

Msomaji Nairobi
Bibi amesema kweli. Huku kwetu 1968 Ngũgĩ, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong walidai Idara ya Kiingereza ya chuo kikuu chetu ivunjwe na fasihi ya Afrika iwekwe katikati. Basi siku ya kwanza mgeni asizungumze. Aketi, wanafunzi wamsomee kazi za kwao, ajue amefika wapi. Tena angalia kalenda, wiki ya mitihani hutampata mtu.

Mhadhiri Msaidizi
Nashukuru sana, Bibi shikamoo. Mitihani iko mbali, nimehakikisha. Mkuu wa idara amekubali hotuba moja badala ya tatu, na nakala kumi za kitabu zimeingia kwenye maombi, juu ya chakula. Wenzetu wa Kiswahili wanachagua zile kurasa mbili kesho. Nimemwandikia mgeni kumwuliza kama atasoma kazi za wanafunzi kabla hajafika. Amejibu nimtumie tano kufikia Ijumaa.

Yule binti nimempata kupitia kiongozi wa darasa, yuko mwaka wa tatu sasa. Kaunta buku bado anayo. Ameomba siku mbili achape hadithi moja, nimempa funguo ya ofisi yangu atumie kompyuta.