Komedi ya Kiingereza ya binti mtundu, inaitwaje?

MzaziJinja: Wadau naomba msaada, shangazi karudi toka London na DVD za zamani, kuna moja ya binti mkorofi ajabu, kila shule anatimuliwa na wazazi wake matajiri hawana habari naye. Diski imekwaruzika, inakwama katikati, watoto hawanipi usingizi wanataka mwisho wake. Jina nani analijua?

Kaka_Ntinda: Hiyo ni Educating Marmalade mzee, ya ITV, kituo cha TV cha Uingereza, ilianza 1982. Halafu 1984 ikaja Danger: Marmalade at Work, humo sasa anahangaishwa na kazi. Marmalade aliigizwa na Charlotte Coleman, yuleyule Scarlett wa filamu ya Four Weddings and a Funeral ya 1994. Alifariki 2001 kwa pumu, miaka 33 tu, iliniuma sana aisee.

MamaP5: Na mwandishi ni Andrew Davies, huyohuyo aliyeandika tamthilia ya Pride and Prejudice ya BBC 1995, nani angedhani 😂 Ila usiwaonyeshe kabla shule hazijafunga, wangu kaanza kumjibu mwalimu.

MzaziJinja: Asanteni sana. Nimechelewa lakini, mdogo jana kamfungia kuku kabatini.