Mara yangu ya kwanza kuwinda pronghorn Pawnee, nijiandae vipi?

Mtanga wa Aurora
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Mimi mzaliwa wa Tanga, mwaka wa saba sasa naishi Aurora, Colorado. Mwezi wa nne niliomba leseni ya pronghorn, mnyama wa nyikani anayefanana na swala, kwenye droo ya leseni za kuwinda, nikapata: jike mmoja, kwa bunduki, mwezi wa kumi, nyika za Pawnee, huku huku Colorado. Darasa la usalama nimeshamaliza. Bunduki ni ya risasi za .270, na darubini yake juu.

Nimekwenda mara mbili kutazama tu. Nilikuta kundi la kumi na mbili, mbali karibu kilomita nzima, na kabla sijafunga mlango wa gari wote walikuwa wameshanigeukia. Marehemu babu alikuwa akiwinda paa kwa mbwa na nyavu, msitu ukimficha. Hapa hata mti wa kujibanza hakuna. Nitawakaribiaje? Na nyama je, mchana ukiwa na joto? Tena sisi Waislamu, nataka wanangu waile bila shaka moyoni.

Mzee wa Greeley
Marahaba mwanangu, hongera. Huyo mnyama wanamwita swala tu, lakini ndugu zake wa karibu walio hai ni twiga na okapi. Macho yake makubwa yako pembeni mwa kichwa, anaona karibu pande zote.

Kabla ya yote, ramani. Pawnee imekatika viraka: ardhi ya umma, kisha shamba la mtu, kisha ya umma tena. Hapa Colorado mwenye shamba halazimiki kuweka kibao wala uzio. Ukiingia bila ruhusa yake una kosa. Pakua ramani yenye mipaka kwenye simu ukiwa nyumbani, maana kule mtandao unapotea.

Kuwakaribia, acha gari mbali, shuka kwenye vikorongo, halafu magoti, halafu tumbo. Kuna dungusi kila mahali, kwa hiyo nunua vilinda magoti kama vya fundi wa vigae. Mimi siku hizi nakaa tu. Hawa hawapendi kuruka uzio, hupita chini ya waya. Tafuta manyoya yaliyonasa waya wa chini, ujilaze mbali kidogo upande ambao upepo unatoka kwao kuja kwako. Niliwahi kungoja saa tano mahali pa namna hiyo, wakapita kwa mstari mmoja mmoja.

Kwenye mazoezi ya shabaha, usizoee kupiga ukiwa mezani. Keti chini, egemeza bunduki kwenye begi, piga sahani ya karatasi kwa yadi 200. Kati ya risasi tano, hata moja isipoingia, rudi 150, na siku ya kuwinda usivuke hapo hata ukitamani vipi. Kumjeruhi mnyama akakimbia na maumivu ni jambo ambalo sitaki likupate.

Mama wa Fort Collins
Nyama ndiyo kazi yangu, mume wangu hupiga tu. Bebeni masanduku mawili ya barafu na chupa za maji zilizogandishwa. Akianguka, mfunge tiketi ya leseni, toa matumbo, chuna ngozi palepale. Ngozi ile inashika joto mno. Mkono ulioshika manyoya usiguse nyama. Wanaosema pronghorn ananuka walimbeba juu ya gari mchana kutwa. Acha kwenye mzoga alama ya jinsia, yaani sehemu inayoonyesha ni jike, askari wa wanyamapori ataiangalia. Na nguo ya rangi ya machungwa inayowaka, inchi za mraba 500 juu ya kiuno, pamoja na kofia.

Ndugu wa Denver
Sema Bismillahi Allahu Akbar unapofyatua. Ukimkuta hai, mchinje, kwa hiyo kisu kikali kiwe kiunoni, si garini. Ukimkuta ameshakufa kwa risasi ile, wanazuoni wengi wa leo wanasema ni halali. Muulize imamu wako kabla, utulie.

Mtanga wa Aurora
Mungu awalipe kheri. Vilinda magoti ninavyo, ndiyo kazi yangu vigae. Jumamosi naenda uwanjani na sahani, nitarudi kuwaambia ngapi zimeingia.